Walikusamehe Kosa Langu

Tata Ramazani,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako. Usikasirike. Shefu ndiye aliyesema nikikalie, na mi nilikataa siku tatu nzima, nikafanya kazi nimesimama kama polisi wa barabarani, mpaka akaniuliza kama nina jipu. Basi nikakaa. Kingali kinayumba upande wa kushoto. Kile kipande cha kartoni ulichokikunja ukakitia chini ya mguu wake bado kipo, sijakigusa. Mi niliyekuwa nakucheka kwamba mtu anaangalia mashine za dispensari saba na kiti chake mwenyewe kinamshinda, sasa nayumba mimi.

Leo ni Jumamosi. Mvua ya asubuhi imekwisha na barabara ya Manika ni matope matupu. Abiria wa pikipiki wanapita wameinua miguu kama kuku. Kesho ni arobaini yako. Mama Zaina, mke wako, alinituma nitafute masufuria mawili makubwa, nikayapata kwa wamama wa parokia yetu. Ndiyo hivyo, Tata. Masufuria ya Wakatoliki yatapika pilau ya Waislamu. Nimeyasugua mwenyewe kwa mchanga na majivu mpaka mama mmoja akaniuliza kama naoa. Ungecheka. Ungecheka kile kicheko chako kinachoanzia puani.

Unaona ninavyozunguka. Nina neno la kukuambia tangu ulipokuwa mzima, na kila nikilikaribia natoa mzaha, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili apite. Leo sina mfupa.

Acha nianzie mbali kidogo, nipate nguvu.

Ulinikuta sokoni na meza yangu ndogo chini ya mwavuli, nikiwawekea watu nyimbo na programu kwenye simu. Nilikuwa nimejiandikia ubao: INJINIA KAZADI. Shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari, au yenyewe iliniacha, hatukuagana vizuri. Lakini nilikuwa nimefika Lubumbashi, nimefika Kasumbalesa, nimelala Ndola mara mbili, na kila mteja aliyekaa mbele yangu aliondoka anayajua hayo yote. Wewe ulikaa, ukaisikiliza Ndola yote mpaka mwisho, halafu ukaniuliza neno moja: "Iyi programu unabawekea batu, weye mwenyewe umeionja?"

Nilidhani una wazimu. Programu inaonjwa?

Ukanieleza huku nafunga simu yako. Ulisema hata kwetu sisi Baluba mwenye nyumba akikuletea munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, anakunywa yeye kwanza mbele ya macho yako ndipo akupe kikombe, ili ujue hajakutilia kitu. "Munkoyo yenu mi sikunywe," ulisema, "lakini ile desturi naipenda." Wiki iliyofuata nilikuwa ofisini kwako, meza yangu imeuzwa, ubao wangu umegeuzwa kuwa mlango wa banda la kuku la dada yangu. Na ukanijulisha kwa Koko.

Koko bado yupo, Tata. Bibi yetu. Tableti ya zamani kuliko zote, uso wake umepasuka kama udongo wa kiangazi, haina tena kazi kwa wagonjwa, lakini kila toleo jipya la programu yetu lilikuwa linapita kwake kwanza. Siku tatu anakaa nalo. Unamfungulia kadi za watoto, unamfungulia kadi za wamama wenye mimba, unamzima ghafla, unamwasha. Akilimeza bila kutapika, ndipo lilikwenda kwenye dispensari. Nilimcheka sana Koko. Sasa ndiye mtu pekee ninayemsalimia asubuhi kabla ya kusalimia watu.

Na ni wewe uliyenifundisha kashe ni nini, ile akiba ya karibu ya mashine. Mi nilikuwa nalitumia lile neno mbele ya wateja kama mtu anavyovaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ulinipeleka uani kwako ukanionyesha pipa. Robine ya Kolwezi, bomba letu la maji, inatoka siku inayotaka, ulisema, kwa hiyo mwenye akili anajaza pipa siku maji yanapokuja, na watu wa nyumba wanachota pale, hakuna anayekimbilia mtoni kila akiwa na kiu. Rezo yetu, mtandao wa simu, ni ile ile robine. Ndiyo maana kila dispensari ina kisanduku chake chini ya meza ya dawa, na ndani yake kuna pipa, tukaliita depo. Programu inafika mle mara moja, rezo ikiwa nzuri. Tableti za wauguzi zinachota mle. Na sheria ya pipa ilikuwa moja, ulinisemesha kwa mdomo mpaka nikaiweza kama sala: usimwage maji ya jana kabla hujasikia robine ya leo inalia.

Niliiweza kwa mdomo.

Ile Ijumaa ulikuwa umekwenda kusali. Toleo jipya lilikuwa tayari; Koko alikuwa amelionja tangu Jumanne, hilo nalisema ili ujue sikuharibu kila kitu. Uliniachia kazi, ukasema nianze na dispensari moja tu, nyingine zingoje kesho. Ulipotoka, Shefu akaingia na wageni watatu wa Lubumbashi, mashati yamepigwa pasi mpaka mtu anaweza kujikata. Wakaniuliza kazi hii inachukua muda gani. Tata, unanijua. Kama wageni wale wangekuwa wawili, labda ningejizuia. Nikawaambia: kabla kahawa yenu haijapoa, dispensari zote saba zitakuwa zimevaa nguo mpya.

Sita zilivaa. Moja baada ya nyingine, safi, na mi nikigeuka kila mara kuwaonyesha kama mchezaji aliyefunga goli. Ya saba ilikuwa Mutshatsha. Kisanduku cha Mutshatsha kikajibu kwamba hakina nafasi.

Nilijua cha kufanya. Nataka ulielewe hili, maana kwa watu wengine ningeweza kusema sikujua, na wangeamini, shule yangu wanaijua. Depo ile ilikuwa imejaa vipande vya matoleo yaliyokatika njiani miezi iliyopita, takataka tupu, vimekaa na toleo moja zima, lile lililokuwa linafanya kazi. Ilitakiwa nivitazame kimoja kimoja, nitoe vilivyokufa, niliache lile lililo hai. Lakini kwa rezo ya Mutshatsha kila mstari unakuja kama unatembea kwa miguu kwenye njia ya reli. Ingekuwa saa nzima. Nyuma yangu kulikuwa na vikombe vinapoa.

Nikaandika amri ya kufuta yote. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Ilikuwa na adabu kuliko mimi. Nikajibu ndiyo.

Maji ya jana yakamwagika. Toleo jipya likaanza kushuka, likafika theluthi, na rezo ikakatika kama uzi. Na mi nilikuwa nimekwisha kuziambia tableti za kule zivue programu ya zamani zingoje mpya. Kwa hiyo zilikwenda kwenye pipa zikakuta tope. Nililiona jambo lile lote kwenye kioo, Tata, nililielewa palepale. Nikawageukia wageni nikasema: saba kwa saba. Wakapiga makofi.

Nilitegemea rezo irudi jioni, nimalize kimyakimya. Upepo wa mvua ulikuwa umeangusha kitu kwenye mlingoti wa kule, na haikurudi jioni, wala kesho yake, wala keshokutwa.

Jumatatu mama titulere, yule muuguzi mkuu wa Mutshatsha, alipanda mpaka upande wa stesheni anapopata simu, akakupigia. Tableti zote nne zimefunga macho. Siku ile ilikuwa ya chanjo, wamama wamejaa kwenye benchi na watoto mgongoni, na yeye hajui nani amechomwa nini na nani bado. Watu wa dawa za kifua kikuu wamekuja, hajui nani yuko wiki ya ngapi. Mama mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa ametembea kutoka mashambani wanakochoma makaa, akaambiwa kadi yake haionekani, akageuka akatembea tena. Alijifungua salama baadaye, mtoto wa kiume. Mungu alinihurumia kwa yule, si kwamba nilistahili.

Uliponiuliza depo ya Mutshatsha ina nini, nilisema ni rezo. Uliniambia kwamba hata rezo ikikatika, toleo la zamani lingekuwa bado limo mle, na tableti zingerudi kulivaa zenyewe. Ulinitazama. Mi nikamtazama Koko. Ukasema labda disiki imekufa, na mi nikasema ndiyo Tata, labda disiki, na nikaongeza habari ya disiki moja niliyoiona Ndola. Ndola. Hata pale nilikwenda Ndola.

Halafu ukaniambia niende Mutshatsha, ukanipa disiki ya akiba, na mi nikasema nina tumbo.

Sikuwa na tumbo. Nilikuwa naogopa. Bila rezo nisingejua nianzie wapi kukifufua kile kisanduku. Yote niliyoyajua niliyajua kwa kukutazama wewe begani. Na niliogopa mama titulere aniulize. Ukasema: "Basi tumbo ibakie. Mi nitaenda." Hukukasirika hata. Ulinituma nikanywe maji ya mchele.

Kifua chako tulikijua sote, kile ulichotoka nacho mgodini, miaka ile uliyovuta vumbi kabla hujajifunza mashine. Daktari alikuwa amekukataza mvua. Mama Zaina alisimama mlangoni akakuuliza kama hakuna mwingine. Alinitazama alipouliza. Nilikuwa nimekuja kukusaidia kufunga mzigo, mi mgonjwa wa tumbo, na nilikuwa natafuna karanga. Mpaka leo sili karanga.

Ndipo nilipoona ulichokuwa nacho nyumbani. Ulitoa chini ya kitanda kopo la maziwa ya unga, na ndani yake nakala za matoleo yote, tangu la kwanza, kila moja imefungwa kwenye plastiki yake na karatasi ya maandishi yako. Pipa la siri. Ulitia mle na disiki ya akiba, ukafunga kopo kwa kitambaa, ukalitia ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya koti.

Ulipanda kamyo ya binamu yako iliyobeba saruji. Ilikwama katikati ya njia, ukaendelea kwa pikipiki, mvua ikakukuta hakuna hata mti. Mama titulere ameniambia vilivyokuwa ulipofika. Koti hukulivaa. Ulikuwa umelifunga kwenye kopo. Disiki ilifika kavu kama unga, wewe ulifika maji. Alikuletea chai na nguo ya mume wake, ukasema kwanza mashine. Mpaka tableti zote nne zilipofunguka, chai ilikuwa imeingia nzi.

Uliporudi Kolwezi ulikuwa unakohoa tayari. Ulifanya kazi siku mbili, ya tatu hukuja.

Kabla ya hapo Shefu alitaka kujua nani aliiacha depo ya Mutshatsha tupu, maana wageni wa Lubumbashi walikuwa wamesikia, na mtu aliyeambiwa saba kwa saba hapendi kusikia sita. Nilikuwa palepale, nafuta vumbi kwenye meza isiyo na vumbi. Ulimwambia: "Depo ni yangu, Shefu." Maneno manne. Yeye akaelewa anavyotaka, akatikisa kichwa, akatoka akisema kwa sauti ya chini kwamba uzee haupigi hodi. Mi nilijiambia umesema vile kwa sababu wewe ndiye mlinzi wa depo zote, na mlinzi hujibu hata kwa mwizi asiyemjua. Nilijiambia hivyo. Kichwa changu ni hodari sana kwa kazi ya namna hiyo.

Ulilala hospitali wiki tatu. Nilikuja kila siku, na kila siku nilikuja na kichekesho kipya, wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wananingoja kama redio. Alasiri moja Mama Zaina alikwenda kuchota maji, tukabaki wawili. Ulinishika mkono, kiganja chako kilikuwa cha moto. Ukaniuliza: "Kazadi, hauna neno ya kuniambia?"

Naisikia ile sauti, Tata. Naisikia nikifunga viatu, naisikia nikipiga mswaki.

Nikakuambia neno liko moja tu, uamke urudi kazini, Koko anakulilia, hali wala hanywi, amekataa hata umeme. Ukacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakukunja kama kisu cha mfukoni, nikakushika mabega. Kilipokwisha uligeuza uso ukutani. Siku ya nne baada ya hapo, Mama Zaina alinipigia simu kwamba umekwenda.

Daktari anasema kifua kile kingekuchukua siku moja, mvua au jua. Nimemuuliza mara tatu. Mara ya tatu alinitazama kama anataka kuniandikia dawa. Lakini yeye anahesabu mapafu. Mi nahesabu njia ya Mutshatsha.

Makaburini mvua ilikuwa imesimama kidogo. Walipokwisha kukulaza, shehe aliuliza kama mnavyoulizaga, kama kuna mwenye neno na marehemu aliseme, asiende amebebeshwa mzigo wa mtu. Shefu akatoka mbele, kofia mkononi. Alisema kwa sauti nzuri, sauti ya mtu anayefanya jambo jema, na nadhani kweli alidhani analifanya: "Kuko ile makosa ya Mutshatsha. Batu baliteseka. Mi, kwa jina ya kazi yetu, namusamehe."

Watu wote wakasema amina.

Mi nilisema amina, Tata. Nilisimama karibu na Mama Zaina, nikaona mkono wake unakamata kanga pale kifuani, na mdomo wangu ukafunguka ukasema amina pamoja na wengine. Walikusamehe kosa langu mbele ya kaburi lako, na mi nikaitikia. Nimesema uongo mwingi katika maisha haya, Ndola yenyewe nililala mara moja tu, ya pili nilirudishwa mpakani. Lakini ile amina ndiyo kubwa kuliko yote, na ni neno moja.

Baada ya hapo wakanipa kiti. Nikawa mtu wa kazi, usishangae. Navitazama vipande kimoja kimoja. Naweka jipya pembeni ya la zamani, nangoja lilale siku mbili tatu kwenye dispensari moja, ndipo nalitoa la zamani, na sasa kopo lako liko kwenye droo yangu na nakala zote. Nyumbani kwako nimechota maji, nimepasua kuni, nimepiga bati la jikoni. Mama Zaina ananishukuru mpaka natafuta mlango. Siku moja aliniambia, bila kunitazama, anachambua maharage, kwamba kwenye soko wamama wengine wanamwita mke wa yule mzee aliyefunga Mutshatsha. Hakulalamika. Alisema tu: "Mi sikujua kama mume wangu alikuwa mutu wa kufuta-futa." Akaendelea na maharage. Mi nikatoka nikapasua kuni zilizokuwa zimepasuliwa tayari.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Mutshatsha mwenyewe, na toleo jipya mfukoni. Mama titulere alinipokea vizuri, akanipa kiti kilekile ulichokalia, na akaanza kunihadithia juu yako, koti, kopo, chai na nzi. Halafu akasema kitu ambacho hakujua anasema. Tableti zilipokwisha kufunguka, alisema, hukuinuka. Ulikaa unasoma mistari mingi midogo kwenye kisanduku, unasoma polepole, na mara ukavua miwani, ukaifuta na ilikuwa kavu. Ukasema: "Ah, Injinia." Alidhani unamsikitikia mkubwa mmoja huko Kinshasa aliyetengeneza programu. Aliniambia hivyo huku ananimiminia chai.

Injinia ni mimi. Tangu siku ya ubao, hukumwita mtu mwingine jina lile.

Kisanduku kinaandika kila kitu, wewe ndiye uliyenionyesha: siku, saa, jina la mtu, amri aliyoitoa. Kwa hiyo ulikuwa umeusoma mstari wangu. Ulijua tangu Mutshatsha. Ulijua ulipomjibu Shefu, ulijua uliponishika mkono. Na sasa nikuambie nilichofanya, maana kama nakuandikia ukweli basi niandike wote. Sikulia. Nilimwomba mama titulere aniache kidogo na mashine, nikafungua lile daftari la mistari ili niufute. Hata pale, Tata. Na umekwisha kulala udongoni, nilitaka kufuta.

Nilitafuta Ijumaa. Kulikuwa na Alhamisi. Baada ya Alhamisi ilikuwa Jumamosi. Nikarudi juu, nikashuka tena, nikadhani macho. Siku nzima haikuwamo. Na funguo ya kufuta mle tunayo watu wawili tu duniani, mmoja ni mimi, na mi ndio kwanza nilikuwa nimefika.

Mzee aliyekuwa anatazama kipande kilichokufa mara mbili kabla ya kukitoa. Mzee aliyeweka chini ya kitanda toleo la kwanza kabisa, lisilotumika tena popote, kwa sababu huwezi kujua. Ulifuta siku nzima. Ulikaa na nguo zimelowa, kifua kinawaka, chai imejaa nzi, ukanifutia Ijumaa yangu.

Ndipo nililia, na mama titulere akaja mbio akidhani mashine imekufa tena.

Sasa hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni mimi. Nimelifikiri sana jambo hili. Wengine wangesema ulinipa zawadi, ninyamaze nile. Lakini mtu anayetaka jambo lizikwe haulizi kama una neno la kumwambia. Ulitoa mstari kwenye mashine ili litoke kwenye mdomo wangu, si kwenye kioo cha Shefu. Ulinipa nafasi niseme kama mtu mzima, na mi nikakupa Koko amekataa umeme.

Basi leo, kabla ya kuanza barua hii, nimeirudisha Ijumaa. Nimeingia kisanduku cha Mutshatsha kutoka hapa kwenye kiti chako, rezo leo ni nzuri ajabu, na pale penye pengo nimeandika kwa mkono wangu: Ijumaa, Kazadi amefuta yote, toleo jipya halijafika, akasema limefika. Mstari huo nimeuchapa kwenye karatasi, uko mfukoni. Nisamehe kwa kuvunja kazi yako. Ni ya mwisho uliyoifanya na nimeivunja.

Kesho asubuhi nitapeleka masufuria kabla watu hawajaja, na Mama Zaina atakuwa wa kwanza kulisikia. Akinifukuza uani nitasimama barabarani na nitasema nikiwa barabarani. Shefu anakuja, nimemwalika mwenyewe. Mama titulere yuko njiani. Wamama wa soko watakuwapo, pilau wanaisikia harufu toka Mutoshi. Kiti hiki labda Jumatatu kitakuwa cha mtu mwingine. Nitamwonyesha kartoni iko wapi, na kopo, na Koko, na nitamfundisha sheria ya pipa hata kama atanikalia kichwani.

Nakuahidi kitu kimoja tu, maana nikiahidi viwili utajua kimoja ni cha kujisifu. Sitasema Ndola. Sitasema rezo, sitasema disiki, sitasema wageni walikuwa watatu. Nitasema nilifanya nini na uliteseka vipi, na kuwaomba wairudishe ile amina, maana iliandikwa kwa jina lisilo lake.

Pumzika, Tata. Jikaushe huko uliko, vaa koti lako sasa, disiki imefika.

Kesho, kabla sahani ya kwanza haijapita, mwenye kosa atasimama mbele ya macho ya wote. Chakula kiko kwenye masufuria yetu, kikombe hiki ni changu. Wageni watakula baadaye. Mi naonja kwanza.

Ni mimi, Kazadi,
injinia wako wa maneno